Ajali Niliyoipanga Msabaha

Jumatatu, 4 Agosti
Injinia Idah amepiga simu kutoka Mombasa. Kampuni imenunua gari jipya la kuvuta magari yaliyokwama. Moja tu! Litapewa kikosi kinachofungua barabara upesi zaidi baada ya ajali. Muda unahesabiwa tangu ofisi ipigiwe simu mpaka magari yaanze kupita. Vikosi viko viwili: changu cha Malindi, na cha Kilifi chini ya nyapara Hadiya, mwanamke anayefika kwenye ajali kabla vumbi halijatua. Kila mtu anamsifu. Inachosha.

Zipporah, mfunga waya wangu, ameniomba tushinde. Waya wetu wa kuvutia una fundo. Wiki jana ulikatika ukapita karibu na sikio lake. Nimemwambia asijali, gari ni letu. Kitsao, dereva, ameuliza tutashindaje na gari linalowashwa kwa kusukumwa. Mtu asiye na maono.

Jumanne, 5 Agosti
Nimepata njia. Saa inaanza kuhesabu ofisi ikipigiwa simu. Basi isipigiwe. Nimezunguka kutoka Gede hadi Malindi nikiwapa wauza mananasi na watu wa bodaboda namba yangu. Likitokea jambo, wanipigie mimi. Nitafanya kazi kimya kimya, na nikikaribia kumaliza ndipo niiarifu ofisi. Huu si udanganyifu. Ni utaratibu.

Jumatano, 6 Agosti
Simu haijanyamaza tangu alfajiri. Mbuzi barabarani. Punda barabarani. Mama mmoja wa Jilore anauliza kama tutamsogezea mahindi yake, maana gari letu ameliona limekaa bure. Bwana mmoja anataka tumwondolee mama mkwe aliyekataa kurudi kwao.

Alasiri lori la mchanga likapinduka kweli. Aliyeliona akanipigia, simu ikawa inatumika. Nilikuwa bado namweleza yule bwana mipaka ya kazi yetu. Mtu akapigia Kilifi. Hadiya akaja mpaka eneo langu, akafungua njia, kisha akanitumia ujumbe: pole kaka Chengo, najua mna kazi nyingi. Heshima ya namna hiyo ni matusi yaliyovaa kanzu.

Alhamisi, 7 Agosti
Kadii, mke wangu, anasema nimpongeze Hadiya, halafu niombe waya mpya kama watu wengine. Hajawahi kuongoza watu, namsamehe.

Mimi nimefikiri mbali zaidi. Ajali zisiponitii, nitatengeneza yangu. Kesho alasiri Injinia anakuja Malindi kutukagua. Simeon, kaka yake Kadii, ana pikapu ya kubebea makuti. Ataisimamisha katikati ya barabara Msabaha na kufungua boneti. Sisi tutakuwa tumejificha nyuma ya mabanda ya mananasi. Nitaipigia ofisi, tutatokea, tutaivuta, Injinia atapita akitupungia mkono. Simeon ni mzee wa kanisa, akauliza kama itambidi aseme uongo. Nikamwambia hapana, kazi yake ni kusimama. Kikosi sijakiambia kitu. Zipporah ana dhamiri, na dhamiri hupunguza kasi.

Ijumaa, 8 Agosti
Simeon alisimama vizuri sana. Yeye simlaumu.

Nawalaumu madereva. Kila aliyefika alitaka kumpita mwenzake. Wa kutoka Gede wakajaza barabara nzima, wa kutoka Malindi wakajaza barabara hiyo hiyo, wakakutana pua kwa pua. Basi moja likajipenyeza kwenye njia ya mabandani, likatuziba sisi. Kikosi cha uokoaji, kimekwama hatua chache kutoka kwenye ajali yake chenyewe! Kitsao akazima gari akaenda kununua nanasi.

Niliamuru tulivute basi. Zipporah akasema waya hautaweza. Nikamkumbusha nani nyapara. Waya ukakatika, ukamchana mkono. Damu ikamwagika mpaka kwenye viatu vyangu.

Hapo akatokea Hadiya. Alikuwa njiani kwenda Shella, arusini kwa mpwa wake, na hina mikononi. Kwanza akamfunga Zipporah mkono kwa mtandio wake. Kisha akapita gari kwa gari. Hakupaza sauti. Alimwamkia dereva wa basi shikamoo, akamwomba arudi nyuma kidogo, na lile jitu lililonitukana likarudi kama kondoo. Mmoja baada ya mwingine wakarudi, mpaka akaifikia pikapu. Injinia Idah alikuwa ameshafika pale kwa miguu, viatu mkononi. Akamuuliza Simeon nini kimeharibika.

"Hakuna kilichoharibika, mama," Simeon akajibu. "Shemeji Chengo aliniambia nisimame hapa, nami nimesimama."

Akafunga boneti, akawasha. Ikanguruma mara moja. Mwaka mzima pikapu ile haijawahi kuwaka vizuri hivyo.

Injinia hakunigombeza. Aliutazama ule mtandio uliolowa damu.

"Zipporah alijua?"

Nikasema hapana. Nadhani ndilo neno pekee la kweli nililolisema wiki hii.

Jumamosi, 9 Agosti
Gari jipya limekwenda Kilifi. Zipporah ameshonwa mkono, na akipona atakwenda huko huko. Nimempelekea machungwa. Ameyapokea kwa adabu, ameuliza hali ya Kadii, amefunga mlango. Nilisimama pale nje muda mrefu. Nilijisikia vibaya kabisa, karibu mpaka saa ya chakula.

Jumatatu, 11 Agosti
Kitsao sasa ndiye nyapara wa Malindi. Mimi nimepelekwa kwa Hadiya, kushika kibendera chekundu kwenye njia panda ya Takaungu. Amenikaribisha kwa chai na mahamri, amenipa koti jipya, amenionyesha kibendera kinashikwa upande gani. Nimevumilia.

Kibendera humpa mtu nafasi ya kutafakari, na nimeliona kosa langu waziwazi. Pikapu ilikuwa ndogo. Kitu kidogo kinawapa madereva tamaa ya kukipita. Lingekuwa trela, kila mmoja angekaa kwenye mstari wake. Mwaringa wa hapa Takaungu ana trekta lenye trela la kubebea nazi, pana kama nyumba. Nimemuuliza kama ana nafasi Alhamisi. Anayo.