Mito ya Kujaribia Barazani kwa Mama Korkoi

Odartey alikuwa akipita mitaa ya Labone, viatu vinang'aa, mfukoni hamna kitu, alipochungulia juu ya ukuta wa Mama Korkoi akaona viti sita vya chuma barazani, vyote uchi. Mito yake ilikuwa imeanikwa kwenye majani, jua limeila rangi na mvua imeiotesha ukungu. Mtu mwingine angeona mito mibovu. Odartey aliona kodi ya chumba, suti mpya na samaki wa kukaanga mwezi mzima.

Akagonga geti.

"Mama, pole kwa msiba."

"Msiba gani tena?" Mama Korkoi akashtuka. Alikuwa mjane mnene, mwenye sauti ya upole na miwani iliyoning'inia kifuani.

"Wa mito yako. Mama wa hadhi yako ukalie chuma kitupu? Mimi naitwa Odartey, mtaalamu wa makalio ya nje."

"Makalio ya nje?"

"Ya viti, Mama! Viti vya nje. Ulimi umeteleza."

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Angemwonyesha mto mmoja safi, wa sponji nzito na kitambaa kisichopitisha maji. Mama angelipia sita. Yeye angeleta magunia yaliyojazwa nyasi, kisha angehamia mji wa Kumasi kwa sababu za kiafya.

Akaenda kwa fundi wa Kaneshie, akanunua kwa fedha ya kukopa mto mmoja wa kweli, wa bluu. Iliuma, ila akaiita gharama za ofisi.

Mama akaukalia, akajigeuzageuza, akafumba macho. "Mtamu. Huu nao bei gani?"

"Wa kujaribia? Bure kabisa, Mama!"

"Ahsante. Lakini bluu hii itagombana na maua yangu. Uache niutazame, halafu niletee wa kijani."

Wa kijani ulimfanya aonekane mgonjwa, alisema mwenyewe. Wa njano ungeita nyuki. Kila mara Mama alisema, "Uache, mwanangu, nao uonje mvua," akamwandalia kenkey, madonge ya unga wa mahindi, na samaki, na Odartey akaondoka akijipongeza: mtu anayechagua kwa makini hivi, siku ya kulipa atalipa kwa mikono miwili. Kwa mto wa milia aliuza simu. Kwa ule wa rangi ya kahawa aliuza friji. Mwenye nyumba wake naye akaanza kumtaka achague: kodi au ufunguo.

"Lete na mweupe," Mama akasema. "Jumamosi naamua."

Jumamosi Odartey alifika amevaa koti lake la mwisho, mto mweupe kwapani. Barazani palijaa wageni. Mama akaupokea, akauweka kwenye kiti cha sita, akarudi nyuma kutazama.

"Nimeamua."

Odartey akatoa kalamu.

"Naipenda ikiwa mchanganyiko."

"Mchanganyiko upi, Mama?"

"Huu hapa. Kila kiti na rangi yake. Wala sina haja ya kununua tena. Mungu akuzidishie."

"Lakini Mama, hiyo ni ya kujaribia!"

"Na ya kujaribia si ulisema bure?"

Odartey alifikiria kuikwapua akimbie, lakini mitano ilikuwa imekaliwa, na mmoja wa waliokalia alikuwa mkuu wa polisi mstaafu.

Hapo Bwana Agbeko, mwenye hoteli kule Ada, akapigapiga mto wake. "Korkoi, umeipata wapi hii? Mimi nina bustani nzima ya viti."

Odartey akafungua mdomo. Mama alikuwa mwepesi zaidi.

"Nauza mimi. Huyu ni kijana wangu wa kupeleka mizigo."

Akapokea malipo ya awali, akayasukumia kifuani, kisha akamwinamia Odartey sikioni. "Robo yako ipo. Ila ulete ya kweli, mwanangu. Magunia ya nyasi nayajua. Unadhani marehemu mume wangu aliijenga nyumba hii kwa mshahara?"

Kiti cha sita nacho kilikuwa kimeshapata mgeni, Odartey akajikalia kwenye ngazi, juu ya saruji tupu, yeye mtaalamu wa makalio. Kicheko kikampanda, akacheka mpaka machozi.

"Afande," akamwambia yule mstaafu, "siku zote nazunguka mji huu kumtafuta mjinga. Kumbe ndiye ninayemvalisha koti kila asubuhi."

"Inuka, kijana," Mama Korkoi akasema, akimkabidhi sinia la glasi za sobolo, sharubati nyekundu ya rosela. "Wageni wana kiu."

Akainuka, akaanza kugawa.