Petroli ya Gari Lisilosikika

Jumatatu, 9 Juni 2014

Baridi. Upepo wa Tunduma umetia vumbi mpaka kwenye chai. Nimekunywa hivyohivyo, Mungu ashukuriwe.

Jana kanisani, baada ya matangazo, Restuta alisimama. Kitenge kipya! Akasema Jumamosi anataka kwenda Mbebe kumsalimia kaka yake Danieli, kama yupo mwenye gari anayeelekea huko. Hakuna mtu anayeelekea Mbebe. Mikono miwili ikapanda papo hapo. Wangu na wa Osea.

Shajara yangu, wewe huendi kanisani, ngoja nikueleze. Restuta ni mjane. Danieli ndiye mkubwa wa kwao aliyebaki. Mwanamume akimfikisha dada mtu mpaka uani kwa kaka yake, hapewi maji tu akaondoka. Anawekewa kiti. Anaulizwa ukoo wake, shamba lake, afya yake. Kwao hiyo ni nusu ya posa. Kanisa zima lilielewa. Kwaya iliguna kwa sauti nne.

Restuta akacheka, akasema yeye hachagui kati ya wazee wa kanisa. Atapanda gari litakalofika kwanza Jumamosi asubuhi.

Osea ni mgane kama mimi, ila yeye ana mdomo. Ana pikapu ya zamani, ekzosi imetoboka. Mimi nina gari la haibridi kutoka Japani, mkwe wangu alinitafutia. Nusu petroli, nusu umeme. Na siku zote nimelinywesha petroli ya kawaida. Aibu! Gari lenye akili mbili linalishwa kama bodaboda! Kuanzia kesho litakunywa ile maalumu, ya sheli mpya yenye picha ya tai, njia ya Mpemba. Likipata nguvu, Osea atakula vumbi langu.

Nimesonga ugali wa watu wawili tena. Miaka minne tangu Mama Ferista atangulie, na mkono haujajifunza.

Jumanne, 10 Juni

Nimejaza tenki! Kabula, binti wa pale sheli, kasema ile maalumu inaosha injini na kuipa nguvu. Nikamuuliza kajuaje. Kasema imeandikwa kwenye bango. Nikaridhika. Nikaweka mkono juu ya kifuniko cha tenki nikaliombea gari. Kabula akaniuliza, Baba, ni kizunguzungu? Dereva wa nyuma akapiga honi hata nikasema Amina kabla ya wakati wake.

Kwenye foleni ya malori ya mpakani nikasimama. Kimya! Injini haisikiki kabisa, na taa zinawaka! Ndipo nilipojua petroli imeanza kazi. Kweli, hata zamani lilikuwa linanyamaza likisimama, lakini nilidhani ni uchovu.

Nikaenda kumsimulia fundi Ezron. Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Eti gari hili hujizima lenyewe, betri inashika zamu. Eti waliolitengeneza walilitengenezea petroli ya kawaida, mradi iwe safi, na hiyo maalumu hailiongezei kitu. Unampa ng'ombe keki, Mzee, akasema, maziwa ni yaleyale.

Nimemsamehe. Ezron ni mtu wa spana, mambo ya rohoni yanampita.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda kufanya majaribio mtaani kwa Restuta. Nimefika laini kama malaika. Nikasimama mbele ya ua wake, nikasubiri atoke getini.

Hakutoka. Namwona kabisa, amekaa barazani anachambua maharage, amenipa mgongo. Kuku wake mwekundu akapita chini ya gari langu, akatokea upande wa pili, hana habari. Nikakohoa. Kuku tu ndiye aliyegeuka.

Honi sipigi. Honi ni ya kufukuza mbuzi, si ya kumwitia mama wa kanisa. Na hodi siwezi. Jirani yake, Anastazia, yuko dirishani tangu uhuru. Mzee wa kanisa apige hodi kwa mjane, peke yake, mchana kweupe! Mtu mwenye heshima gari lake linasikika kwanza, mama anatoka mwenyewe, wanasalimiana hadharani. Ndivyo inavyofaa.

Mara, ngurumo! Nikadhani ni lori limepasuka tairi. Osea! Hata hakusimama, alikuwa anapita tu. Watoto wanamkimbilia, mbwa wanabweka, na Restuta huyo nje, anafunga kitenge vizuri, anacheka, anapunga mkono. Akamwambia, shemeji, wewe hata kipofu atajua umepita! Mimi nikainama chini ya usukani kama mwizi.

Nimefika nyumbani, nimewaza, nimeelewa. Petroli maalumu imelilainisha gari kupita kiasi. Ninahitaji petroli yenye sauti.

Ijumaa, 13 Juni

Siku ya kazi. Kwanza ilibidi kumaliza ile maalumu. Nimeendesha mpaka Vwawa na kurudi, peke yangu. Mshale wa mafuta haukushuka. Gari hili halili! Nikaimba sehemu yangu ya tenari mwanzo mpaka mwisho. Tenari peke yake ni kama nusu ya mazungumzo. Nikajikuta naongea na kiti cha pembeni, namwonyesha mashamba ya kahawa. Nikanyamaza, nikajionea haya.

Nikataka kumpa lifti bibi mmoja mwenye furushi. Nikamfikia taratibu, nikasema kupitia dirishani, Bibi, shikamoo. Akaruka! Akapiga kelele kwamba gari la kichawi linaongea bila kunguruma. Nikaondoka kabla hawajaokota mawe.

Ezron akaninyonyea mafuta yote kwa mpira, akayatia kwenye dumu, anatikisa kichwa. Nikavuka mpaka kwa miguu hadi Nakonde, upande wa Zambia, kwa mama mmoja mwenye madumu ya petroli. Aliniapia kwa heshima za kwao, mukwai, hii ikiingia kwenye pikipiki, mbwa wa Tanzania wanabweka. Nikanunua palepale.

Nimelijaza. Nimeliwasha.

Kimya. Ila taa moja ya njano imewaka kwenye dashibodi. Nimeifunika kwa karatasi ya mahubiri.

Ferista kapiga simu kutoka Dodoma. Kauliza, Baba, unakula? Nikasema nakula. Kauliza, unaongea na watu? Nikasema mtandao unakatika.

Jumamosi, 14 Juni

Nimefika kwanza! Andika hilo, shajara. Kabla ya Osea, jua halijapanda vizuri. Suti, chupa ya chai, chapati nilizokanda mwenyewe, na lile dumu la petroli maalumu nyuma, nimzawadie Danieli.

Nikasimama pale getini. Mlango wake umefungwa, moshi unatoka jikoni. Yumo. Nikasema, Bwana, msikilizishe. Nikafumba macho nikaomba kwa bidii. Nafikiri niliomba sana, maana niliamshwa na ngurumo.

Mlango ukafunguka kabla pikapu haijasimama. Restuta huyo na kikapu chake, anamwambia Osea, nimekusikia tangu sokoni! Akapanda. Pikapu inageuka ndipo akaniona.

Akashtuka. Baba Ferista! Kumbe upo? Tangu saa ngapi?

Nikasema nimefika sasa hivi. Nimekuja kuwatakia safari njema.

Akanitazama. Akatazama suti. Akasema polepole kwamba alikuwa tayari tangu alfajiri, chai iko mezani, vikombe viwili, anasubiri wa kwanza kupiga hodi. Ungepiga hodi tu, Baba Ferista.

Osea akaingilia kati, ndivyo alivyo. Mzee wa umeme, akauliza, leo umechomekwa wapi? Halafu bila haya akauliza kama nina akiba ya mafuta, yake hayafiki hata Isongole, huko njiani.

Nikampa lile dumu. Nikampa na chai. Chapati alizipokea Restuta.

Pikapu ikanguruma kuliko siku zote! Nimeisikia mpaka ilipopinda. Nimebaki na kuku mwekundu.

Jumatatu, 16 Juni

Habari njema! Restuta amerudi kwa basi. Pikapu ya Osea ilizima hukohuko milimani, inavutwa na trekta. Tumbo lake halikuzoea vya gharama.

Amenisimamisha mwenyewe nje ya kanisa, baada ya mazoezi ya kwaya. Moyo wangu! Kasema kaka Danieli alimpokea Osea vizuri, Osea akaongea mpaka taa ikaishiwa mafuta. Lakini Danieli kasema neno ni la dada yake, na huyo dada hajalitoa. Akanirudishia chupa yangu ya chai, ameiosha. Akasema chapati zilikuwa laini, na hajawahi kuona mwanamume anakanda hivyo. Akasema, pita Jumatano jioni. Halafu akasogea karibu, akasema, na upige hodi, Baba Ferista. Mimi sisikii magari, nasikia watu.

Nimelitafakari hilo njia nzima ya kurudi nyumbani. Hasikii magari. Ni wazi tatizo ni petroli.

Jumatano, 18 Juni

Ile ya Nakonde Ezron kainyonya yote kwa mpira. Ezron kasema nikiendelea na mafuta ya madumu nitaliua gari, niweke ya kawaida ya sheli yoyote safi nikapumzike. Ya kawaida! Siku kama hii! Nimejaza ile maalumu ya tai, na juu yake nimemimina kichupa cha dawa ya injini alichoniuzia Kabula. Kwenye kichupa kuna picha ya simba amefungua kinywa. Siyo bure.

Saa kumi na moja niko mbele ya ua wake. Mlango uko wazi kidogo. Nasikia sufuria, nasikia anaimba kile kipande cha soprano ambacho tenari yangu hukifuata. Nikafuata kidogo, humohumo ndani ya gari, vioo vimefungwa.

Ningeweza kushuka. Hatua chache tu. Lakini nilitaka atoke mwenyewe, kama alivyotoka kwa Osea. Afunge kitenge, acheke, apunge mkono, kwa sababu amesikia ni mimi.

Anastazia akachungulia juu ya ua. Akaniambia, Mzee, hodi haiuzwi sheli! Nikamsalimu kwa upole. Mama yule hajui chochote kuhusu magari.

Halafu nikaona mtu anakuja kwa miguu, viatu vina vumbi, hana kelele yoyote. Osea. Masikini, pikapu bado iko kwa mafundi. Nikamhurumia kutoka moyoni. Hakuniona. Akapita karibu kabisa na kioo changu, akasimama mlangoni, akavua kofia, akasema hodi.

Kuimba kukakoma. Restuta akasema karibu kabla hajaona ni nani. Mlango ukafunguliwa wote, kisha ukafungwa.

Nimesubiri mpaka giza. Kuku mwekundu alipanda juu ya boneti akalala, pana joto. Ilibidi nimshushe kwa mikono miwili, taratibu, asiamke.

Kesho asubuhi, Mungu akipenda, vichupa viwili.