Mbwa wa Mawazo na Msemaji wa Familia

Alhamisi, 3 Julai
Bila mimi Bujumbura ingekuwa inatembea kwa miguu mpaka leo. Gari zote za mtaa wa Asiatique zimepita mikononi mwangu mi fundi, hata zile zilizokuwa nzima. Kwa hiyo safari ya kesho ni yangu, wengine wanapanda tu. Tunakwenda kulala kwenye mahema kando ya ziwa, huko milimani Kirundo. Dada yangu mkubwa, Sijaona, anataka familia ipumzike kabla watu hawajaja kumposa binti yake Houda. Na huko huko atachagua nani awe msemaji wetu mbele ya wakwe. Tuko wawili tu: mi, na mdogo wangu Aboubacar, mwalimu, mutu wa kusema taratibu mpaka chai inapoa.
Jirani yetu Mawazo, mama wa Uvira, anakuja na mbwa wake, Komando na Bobi. Alhamdulillahi! Nimepata mpango.

Ijumaa, 4 Julai
Mpango: mutu anayetiiwa na mbwa, wakwe watamtii pia. Nyama nimeificha katika mifuko ya koti.
Tumefika. Ziwa limetulia kati ya milima, ndege weupe juu yake. Nimemshukuru Mungu kwa kunipa macho. Mbwa wamenifuata kila mahali. Nikisimama, wanasimama. Nimemwambia Sijaona hiki ni kipaji, hata viboko wa mto Ruzizi hunipisha njia. Aboubacar akauliza mbona koti linanuka. Wivu!
Halafu sala ya magharibi. Nimetandika mkeka tu, Komando akanilamba mkono, Bobi sikio. Mate ya mbwa! Dini inataka kuosha mara saba, moja kwa udongo. Nimeingia ziwani na koti langu, maji ya baridi ya kuuma mifupa. Aboubacar akanihesabia kutoka ukingoni kwa sauti ya darasani. Nikikaribia saba, Bobi anaogelea, ananilamba upya. Tunarudi kwenye moja. Houda alicheka mpaka akakaa chini.
Mawazo hakucheka. Akasema, “Papa Tajudini, hao mbwa hawakupendi we. Wanapenda koti.”
Sijaona alimtazama Aboubacar kwa muda mrefu. Dalili mbaya kwangu.

Jumamosi, 5 Julai
Koti nimelitundika mutini, mbali. Mpango wa pili: kupanda mlima peke yangu, kurudi na mzigo wa kuni ambao Aboubacar hawezi hata kuuota. Houda akaniomba nisiende, ukungu unashuka. Nikamwambia hii milima naijua kama kiganja changu. Nilikuwa sijawahi kufika.
Ukungu umeshuka. Njia imepotea, kuni zimepotea, kiatu kimoja kimebaki kwenye tope. Nimekaa juu ya jiwe na nimepiga kelele mpaka koo likakauka.
Wa kwanza kufika ni Komando na Bobi. Sina koti, sina nyama, na bado wamekuja! Nyuma yao Sijaona, miguu mitupu, analia. Alinipiga kofi begani, halafu akanikumbatia, hakuniachia. Aboubacar akavua sweta yake akanivisha. Mawazo alikuwa ameshachemsha chai. Mungu awalipe wote. Mi nina watu.

Jumapili, 6 Julai
Asubuhi Sijaona ametuita mbele ya moto. Amesema, “Tajudini, jana uliita ukiwa mlima wa pili na tukasikia vizuri kabisa. Mutu wa sauti hiyo ndiye atasema kwa wakwe. Aboubacar atakaa pembeni, akuvute shati ukizidisha.” Aboubacar akanipa mkono, akaniambia nastahili. Nimeshukuru sana, karibu machozi.
Hotuba nimeshaianza. Ndani yake kuna chui wawili niliopigana nao kwenye ukungu, na pengine faru, lazima wakwe wajue wanaoa damu ya nani.
Sijaona amewaomba wote wasiseme nilikuwa naita nini kule juu. Nina miaka hamsini na mbili. Nilikuwa naita mama.