Nchi Inayolipa Wageni

Papa Katsuva, muuza mabati wa Bunia, alikuwa na huzuni ya watu wenye pesa. Alikuwa amekaa kwenye terasi ya mgahawa mmoja pembeni ya bulvari, barabara kuu ya mji, mbele yake sahani ya samaki ambayo hakuigusa, akimweleza rafiki yake jambo lililomuuma.

"Dereva yangu ameshafika Kampala," alisema. "Fundi wa pikipiki ameshafika Kampala. Na Dubai? Mwanamuke ya Adolphe, mushindani yangu, ameenda Dubai mara mbili, amerudi na miwani. Sasa mutu aende wapi?"

Kwenye meza ya jirani, Orly aliweka kikombe chake cha chai chini taratibu, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa redioni.

Orly alikuwa na miaka thelathini na minane, viatu vinavyong'aa hata wakati wa mvua, na jina alilopewa na baba yake kutokana na uwanja wa ndege wa Paris, ambao baba huyo aliuona kwenye kalenda. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ndege. Akiulizwa kazi yake alijibu "consultant", yaani mshauri, cheo ambacho hakuna ofisi Bunia inayoweza kukuvua. Katika kazi hiyo alikuwa ameshauza dawa ya kuzuia panya wasizaliane, namba za simu zilizoombewa, na kwa muda wa Jumapili nne mfululizo, nafasi za kuegesha magari mbele ya kanisa ambamo yeye hasali.

Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasogea.

"Samahani Papa. Nimesikia bila kutaka. Kama ni safari, iko nchi moja hakuna mutu wa Bunia amefika. Hata mumoja."

Katsuva alimtazama kuanzia viatu. "Nchi gani?"

"São Tomé."

Jina hilo Orly alilisikia mara moja tu, kwenye habari za mpira, na hakukumbuka hata nani alishinda. Lakini alilitamka puani, kwa kutua katikati, na likapendeza.

"Hata Adolphe hajafika?"

"Adolphe hawezi hata kuitamka. Ni visiwa, Papa. Kule upande wa Asia. Muchanga nyeupe, maji ya moto, minazi."

"Maji na muchanga tuko nayo Kasenyi, kwa ziwa," alisema Katsuva. "Na samaki juu yake."

Samaki wakawa wanaelekea kuua biashara. Ndipo Orly akasema lile jambo. Inafaa kueleza hapa kwamba hakuwa amelikusudia. Uongo mwingine humtoka mtu kama chafya.

"Papa, ile nchi inakosa wageni. Serikali yao imechoka kungoja. Sasa inalipa. Mugeni akifika na risiti ya safari, kile alilipa wanamurudishia mara mbili."

Alipokwisha kusema, Orly mwenyewe aliutazama uongo ule kwa heshima. Katsuva akavuta sahani yake karibu, akaanza kula.

Katika wiki mbili kukawa na chumba kidogo cha kupanga karibu na soko, kibao kilichoandikwa *Agence Orly Voyages*, na ukutani picha ya ufuko iliyokatwa kwenye tangazo la magodoro. Masharti yalikuwa mepesi: dola hamsini za kufungua dosia, yaani faili la safari, mia sita zitafuata safari ikiiva. Wa kwanza kulipa walikuwa Katsuva na mke wake Kavira. Maître Gustave, mwanasheria, aliyasoma masharti yote mara mbili, akaona hayana maana yoyote kisheria, akalipa kwa sababu Katsuva amelipa. Wakafika saba.

Wa nane alikuja peke yake, asubuhi, na daftari. Alikuwa Mama Elisabeth wa upande wa Shari, mjane, mwalimu wa jiografia aliyestaafu. Nusu ya watu wazima wa mji ule waliwahi kusimamishwa naye ukutani kwa kutojua Mto Kongo unamwaga wapi.

"Jambo, mutoto yangu. São Tomé iko wapi?"

"Upande wa Asia, Mama."

Aliandika. Kisha akainua macho na kumtazama Orly kama anavyotazamwa mwanafunzi wa kiti cha nyuma.

"Iko Ghuba ya Guinea," alisema. "Ukitoka hapa Bunia, unaenda magharibi tu, ni karibu mustari mumoja. Ikweta inapita pale chini, kwa kisiwa kidogo."

"Nilikuwa nakupima, Mama, kama unajua."

"Nimefaulu?"

"Umefaulu."

"Vizuri. Hii hamsini yangu. Sasa uniandikie risiti. Jina yako yote, ile ya kadi ya uchaguzi, na namba ya kadi. Na wale wengine saba uwaandikie vile vile, mutu asikose."

Orly aliona ni wazo zuri sana. Karatasi yenye namba humtuliza mteja. Akawaandikia wote, akagonga na muhuri aliouchongesha kwa fundi wa viatu.

Kuanzia siku hiyo Mama Elisabeth alifika kila asubuhi, akakaa chini ya ufuko ule wa ukutani, akafungua daftari. Visa inapatikana namna gani? Ndege inapita wapi? Maji ya kunywa ni ya chupa? Kutoka uwanja wa ndege hadi hoteli ni kilometa ngapi? Jibu la kubuni hakulikubali. Alifumba midomo tu na kungoja, na kungoja kule kulikuwa kumeshaliza wanaume wenye ndevu.

Basi Orly akaanza kutafuta. Alinunua megabaiti za intaneti, akakaa na simu mchana kutwa. Akajua kwamba kule wanalima kakao kama watu wetu wa Mambasa ya Ituri, lakini wao wanaigeuza chokoleti palepale. Akajua kuna mwamba mmoja umesimama ndani ya msitu kama kidole cha mtu anayeomba ruhusa ya kusema. Akajua kasa wanatoka baharini kuja kutaga mchangani, na watu wanakaa kimya kuwatazama. Akaandikiana na mwenye hoteli kwa Kifaransa, mwenye hoteli akajibu kwa Kireno, wakaelewana. Siku moja, hakuna mteja ofisini, alijikuta anatazama video ya mawimbi kwa mara ya tano. Aliizima haraka, akatazama mlangoni kama mtu aliyekutwa anaiba.

Zaidi ya hapo, wateja walipouliza, alianza kujibu ukweli. Jambo hilo lilimtia wasiwasi.

Lakini zile mia sita hazikuja. Katika mkutano wa wasafiri, Katsuva alisimama na kusema wazi:

"Miye niko muuza mabati. Mabati sinunui bila kuipiga kwa kidole. Nionyeshe mutu muzima amesimama pale, njo nitalipa."

Wengine wakaitikia. Orly akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Mutu mumoja atangulie," alisema Mama Elisabeth kutoka kona yake, bila kuacha kuandika. "Atume picha. Nani yuko na pasiporti tayari?"

Watu wakaangaliana. Pasiporti alikuwa nayo yeye peke yake, aliyoitafuta mwaka uliopita kwa ajili ya hija ya Namugongo, Uganda.

"Basi," alisema kwa masikitiko, "itakuwa miye."

Orly alipiga hesabu kichwani. Watu saba wakilipa, ni vizuri. Lakini picha za mwalimu ambaye mji mzima unamwogopa, amesimama baharini? Italipa Bunia yote, na Komanda, na wachimba dhahabu wa Mongbwalu. Kumpeleka mwanamke mmoja ilikuwa mbegu tu.

Kwanza alijaribu mbegu ya bei nafuu. Alichapisha tikiti aliyoichora mwenyewe, yenye rangi tatu na picha ya ndege. Mama Elisabeth aliisoma, akachukua simu, akapigia kampuni ya ndege palepale ofisini, sauti imefunguliwa. Msichana wa upande wa pili akasema, kwa upole, kwamba namba ile haipo na kampuni yao haina safari hiyo.

"Ni kosa ya imprimante," alisema Orly, akinyooshea kidole mashine ya kuchapishia.

"Imprimante inakosa sana," alisema Mama Elisabeth. "Nitarudi kesho."

Orly akauza pikipiki yake. Akatoa akiba ya panya, ya namba zilizoombewa na ya kanisa. Akatia na hamsini hamsini za wateja. Akanunua tikiti ya kweli: Entebbe, Addis-Abeba, Libreville, kisha ndege ndogo juu ya maji, kwenda na kurudi. Akalipa hoteli siku kumi, na kwa kuwa alikuwa ameshaanza, akalipa na dereva wa kumpokea. Mama Elisabeth alipiga simu kila mahali kuhakikisha, kisha akafunga daftari.

Wasafiri wote walimsindikiza uwanjani. Alivaa kitenge cha Pasaka na viatu vya kufunga. Orly mwenyewe alimbebea sanduku, hakumwachia mtu, na ndege ilipoinuka alibaki ameshika kofia mpaka Kavira akamuuliza kama anaumwa.

Picha ilifika baada ya siku nne, kwenye kundi la WhatsApp la wasafiri. Mama Elisabeth amesimama baharini, maji yamefika magotini, viatu mkononi, uso mkavu kama wa picha ya kitambulisho. Nyuma yake bluu tupu mpaka mwisho.

Ilizunguka Bunia kabla ya saa sita mchana. Siku iliyofuata kulikuwa na mstari kuanzia mlango wa ofisi mpaka kwa wauza ndizi. Adolphe mwenyewe alikuja, na mke wake, na miwani yake. Orly aliwashukuru mmoja mmoja, akawaingiza kwenye kundi la WhatsApp. Akawaambia walete pesa nzima siku ya Jumatatu, mchana, kwa pamoja, ili serikali ya kule iandae marejesho yao. Moyoni alishapanga mengine: Jumatatu mchana achukue. Jumanne alfajiri gari la Mahagi-Port. Kabla ya chakula cha mchana awe ndani ya mtumbwi wa injini, anavuka ziwa kwenda Uganda. Hata pikipiki hakuiwaza tena.

Jumatatu, saa nne asubuhi, ukafika ujumbe wa sauti kwenye kundi. Mstarini, ambako watu walikuwa wameshafika na pesa, simu ishirini zilifunguliwa kwa wakati mmoja, na sauti ya Mama Elisabeth ikasikika barabara nzima, ileile ya darasani.

"Wasafiri wapendwa, niko muzuri. Nchi ni muzuri na watu wako na heshima. Kakao yao ni tamu kuliko yetu, na sababu ni namna wanaikausha, nitawaeleza nikirudi. Papa Katsuva, ile jambo ya kurudishiwa mara mbili, niliuliza ofisi yao ya utalii. Walicheka sana. Waliita na mukubwa wao, naye akuje acheke. Kitu kama hiyo haiko na haijakuwa. Kwa hiyo kila mumoja ashike risiti yake. Jina ya Orly na namba ya kadi yake iko juu. Maître Gustave anajua risiti inatumika namna gani. Nyumba ya Orly iko nyuma ya soko, mulango ya bluu. Wale hawajalipa bado, murudi nyumbani. Asante."

Mstari uliisha kwa namna ya ajabu: kutokea nyuma. Orly alitorokea dirishani.

Alifika nyumbani kwa miguu, koti limelowa, akatupa mashati mawili kwenye begi. Alikumbuka hana pikipiki. Alikumbuka nauli ya Mahagi-Port ilikuwa itoke kwenye pesa za mchana ule. Akakaa kitandani, begi mapajani, kama abiria.

Mlango ukagongwa.

"Orly," ilisema sauti ya Katsuva, bila haraka. "Tuko wengi."

Simu ikalia. Ilikuwa ya video, na ndani yake uso wa Mama Elisabeth, umeiva kwa jua, chini ya kofia ya majani.

"Mama," alisema Orly kwa sauti ya chini, "weye ulijua?"

"Tangu Asia."

"Na ukaniacha nauza pikipiki?"

"Hukuniomba shauri. Uliniomba picha, nimetuma." Upepo ukapita kwenye simu. "Orly. Miaka makumi tatu na moja nimechora bahari kwa tablo. Na chaki ya bluu. Wakati ya vita chaki ya bluu ilikosa, nikachora na nyeupe, nikawaambia watoto, hii ni bluu. Nani angenilipia tikiti? Serikali? Watoto yangu wako na watoto yao. Weye umelipa."

"Bila kutaka, Mama."

"Bila kutaka, lakini ulipanga muzuri. Hoteli ni safi. Dereva alinigoja na jina yangu kwa karatoni, bila kosa hata mumoja. Ungefanya hii kazi kweli, ungeiweza." Alisema hivyo kama anayerudisha karatasi ya mtihani, na Orly, ambaye hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia maneno hayo, alikosa mahali pa kutazama. "Sasa utafungua mulango. Utawalipa watu hamsini yao, kidogo kidogo. Umesikia?"

"Nimesikia."

Mlango ukagongwa tena, kwa nguvu. Maître Gustave alikohoa nje, kikohozi kirefu cha mtu anayeanza kusoma waraka.

"Ngoja," alisema Mama Elisabeth. "Uone kitu ulilipia."

Akageuza simu. Hakukuwa na minazi wala mchanga, maji tu, yanakuja, yanarudi, yanakuja, makubwa kuliko video zote, na sauti yake ikajaa ndani ya chumba kile cha mabati. Orly aliisogeza simu karibu na uso kwa mikono miwili. Begi likaanguka sakafuni.

"Orly!" aliita Katsuva, na bawaba ikalia.

"Mama," alisema Orly, "usikate kwanza."