Gari Lililolipiwa kwa Kilo

Manyoya alimtambua mteja wake kabla mteja mwenyewe hajajua kuwa ni mteja.

Mwanamume mnene alikuwa amesimama nje ya lango la gereji, mkono juu ya paa la gari dogo la zamani, lile la mgongo uliokatwa wima kama mkate. Alilipapasa, akaguna, akalipiga teke tairi, kisha akajisemea kwa sauti: "Shemeji atanicheka mpaka lini?"

Mtu mwenye gari bovu huenda kwa fundi. Mwenye gari bovu na shemeji anayecheka huenda kwa Manyoya.

Tuliweke wazi mapema, kwa heshima ya mafundi wote wanaokula jasho lao: Manyoya hakuwa fundi. Alikuwa mpangaji wa kona moja ndani ya gereji ya watu, mwenye seti ya spana, mdomo uliopakwa mafuta, na ovaroli isiyo na doa hata moja la grisi. Ovaroli hiyo peke yake ingetosha kumwonya mtu mwenye macho. Alijua kazi moja tu, kutoa. Kurudisha hakujua, na boneti hakuwahi kuifungua, maana chini yake hakuna kitu kinachotoka kwa dakika mbili.

Ufunuo wake aliupata kwenye simu, akitazama video za magari ya mbio. Aliona kwamba ndani ni matupu: hakuna viti vya nyuma, hakuna zulia, hakuna redio. Hapo akaelewa jambo ambalo wezi wa spea wa mji mzima hawakuwahi kulielewa, kwamba wako watu watakaokulipa uwaibie, mradi uwaite wanamichezo.

"Mzee," alisema akijifuta mikono iliyokuwa safi, "hili gari lako halina ugonjwa. Lina kitambi."

Mnene akajitazama tumbo kwanza, kisha gari. Watu walimwita Magodoro, kwa sababu alikuwa na maduka ya magodoro, na kwa sababu mwili wake ulionekana kama sampuli ya bidhaa.

"Kitambi?"

"Viti, zulia, kiyoyozi, redio, tairi la akiba. Gari la watu wazima linabeba sebule nzima, halafu unaliambia likimbie! Shemeji yako anaendesha nini?"

"Jipya. Jekundu. Kila siku ya wazi pale uwanja wa mbio ananizunguka mpaka napata kizunguzungu."

Manyoya akaweka mkono kifuani, kama mtu aliyepewa habari za msiba. Kisha akaghani, maana biashara yake ilikuwa na wimbo:

"Toa kiti na zulia, toa redio na shaka,
mzigo ukikimbia, upepo utakutaka."

"Na bei?" aliuliza Magodoro.

"Mimi silipwi kwa siku kama vibarua. Nalipwa kwa kilo. Kila kilo inayotoka ina bei yake. Na vitu vilivyotoka usijisumbue navyo, mzee. Mimi mwenyewe nitavitupa."

"Utavitupa?" Magodoro alishangaa kwa uso wa mtoto. "Utapata shida hiyo kwa ajili yangu?"

"Ndiyo utu, mzee."

Wakashikana mikono. Magodoro alitoa kishika uchumba kidogo na kuahidi kwamba kilichobaki kingelipwa siku gari litakapompita shemeji. Manyoya hakubishana. Faida yake halisi ilikuwa kwenye vile vya kutupa.

Tusimlaumu bila kumsikiliza. Alikuwa na mchumba, na mchumba alikuwa na mama, na mama huyo alishatoa hukumu isiyo na rufaa: "Binti yangu haolewi na mpangaji wa kona. Nionyeshe gereji yenye mlango wake na kufuli lake, ndipo tuzungumze posa." Chumba chenyewe kilishapatikana, karibu na njia panda. Akiba ya miaka ya ujanja ilikaribia kutosha, na Jumapili ya mwisho wa mwezi mama mkwe alikuwa anakuja kukagua.

Kazi ikaanza, na ilikuwa kazi ya furaha. Manyoya aling'oa kiti cha nyuma, cha abiria, zulia, vitambaa vya milango, kiyoyozi, redio na spika zake. Mahali pa vioo vya nyuma aliweka plastiki. Kwa vile gari la mbio lazima lionekane la mbio, alimwita mchomeleaji wa jirani akafunga kizimba cha mabomba ndani, na kiti kimoja cha dereva, chembamba, kigumu kama adhabu. Juu ya plastiki ya mlango wa nyuma akaandika mwenyewe kwa rangi ya njano: PUNGUZA UZITO.

Kila kitu kilipimwa kwenye mizani ya muuza vyuma chakavu mbele ya mwenye mali. Mizani hiyo ilikuwa na rafiki: kidole gumba cha mguu wa Manyoya, kilichokanyaga ukingo wa sahani kwa upole. Zulia likawa zito kama ndama.

"Aisee," alisema Magodoro akitazama mshale, si mguu. "Kumbe nilikuwa nakanyaga mzigo wote huu."

"Ulikuwa unateseka bila kujua, mzee."

"Na injini je? Hukutaka kuitazama?"

"Injini haiguswi! Injini ni moyo. Mtu akitaka kupungua, anafunguliwa moyo?"

Magodoro alicheka mpaka mabega yakatetemeka. Manyoya naye akacheka, akidhani wanacheka kitu kimoja.

Vitu vya kutupa vilitupwa, kwa bei, kwenye duka la spea la mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Huyo mama alikuwa mgumu wa bei kuliko nati yenye kutu.

"Kiti hiki kina doa la wino."

"Mama yangu, doa hilo halionekani ukikalia."

"Na zulia hili limechakaa. Nakupa nusu."

"Nusu! Mama, unaniua na nina mchumba na gereji ya kufungua!"

"Basi rudi navyo." Akaangalia saa. "Ila nina mteja wangu anavitaka vyote, cha kwanza mpaka cha mwisho. Gari lake ni la aina hiyohiyo, panya wamelila ndani. Leta vyote nikuongezee kidogo. Hata skrubu usiache."

Manyoya alipeleka vyote. Hata skrubu.

Siku ya wazi ikafika. Uwanja wa mbio ulikuwa nje ya mji, lami iliyopinda mara kadhaa na kurudi ilikoanzia, mahali ambapo mtu yeyote mwenye gari na kofia ngumu hulipa kiingilio akajione shujaa. Magodoro, mfanyabiashara hata kwenye starehe, alikuwa ametandika godoro la tangazo kando ya uzio ili watazamaji wakae wapende. Shemeji alikuwapo na jekundu lake, miwani ya jua juu ya paji la uso.

"Hilo ni gari au tenga la kuku?" aliuliza Shemeji, akichungulia kizimba.

"Subiri kuku akupite," alijibu Magodoro.

Na akampita! Mzunguko wa tatu, kwenye kona ya mwisho, tenga lilipenya upande wa ndani wa jekundu likatoka mbele, likinguruma ndani ya utupu wake kama debe lenye radi. Watu walisimama juu ya godoro. Manyoya, ambaye hakuwahi kuamini neno lake hata moja, alihisi nywele zikimsimama.

"Nani amelijenga?" watu waliulizana. "Fundi wake yuko wapi?"

Fundi! Waliomwita hivyo hawakuwa wanadanganywa, walikuwa wameona kwa macho yao. Magodoro akamrushia kofia ngumu. "Kalizungushe mwenyewe. Ni mtoto wako."

Manyoya alizunguka mara moja. Hapakuwa na zulia wala kitambaa cha kumkinga na kelele, kila kokoto ilimgonga mgongoni, upepo ulipita kwenye mianya ya plastiki ukimwimbia wimbo wake mwenyewe. Aliposhuka macho yalikuwa mekundu. Mhubiri alikuwa ameokoka kwa mahubiri yake.

Alimkuta Shemeji amemshika Magodoro kiwiko. "Niuzie. Taja bei. Siwezi kupitwa na tenga halafu nilale."

"Siuzi," alisema Magodoro. Kisha akamvuta Manyoya kando, akanong'ona: "Nitauza, huyu hataniacha. Dada yake yuko nyumbani kwangu, nitakwenda wapi? Lakini roho inaniuma. Wewe ndiye uliyelijenga. Fikiria likisimama mbele ya gereji yako mpya. Watu watapanga foleni mpaka njia panda. Ukilitaka, wewe kwanza. Ujira wako wa kilo naukata humohumo kwenye bei."

Manyoya aliona foleni. Aliiona kwa urefu wake, na mama mkwe amesimama kando yake akihesabu wateja. Chumba cha njia panda kingesubiri wiki moja. Wateja wawili tu wa kilo, akiba ingerudi na watoto wake. Shemeji alikuwa tayari anatoa simu mfukoni. Manyoya alitoa ya kwake haraka zaidi. Akiba yote ya miaka ya ujanja iliruka hewani, ikatua kwenye simu ya Magodoro, ikalia ting.

"Hongera, bwana arusi," alisema Magodoro. Akalikunja godoro la tangazo, akalisukumia nyuma ndani ya kizimba. "Na hili nakuongezea. Zawadi."

Gari lilianza kutoa moshi kabla ya kufika mjini, kwanza wa kijivu, kisha wa buluu, kisha wa rangi ambayo haina jina la heshima. Mafuta mazito yaliyomwagwa ndani ya injini asubuhi ili kuifumba mdomo yalikuwa yamepata moto, na injini ikaanza kusema ukweli wake wote. Manyoya alifungua boneti kwa mara ya kwanza. Aliitazama kama mtu anayesoma gazeti la nchi nyingine, akaifunga polepole.

Lakini kesho yake ilikuwa Jumapili ya ukaguzi, na mama mkwe alipaswa kuletwa kwa gari. Basi asubuhi alikwenda kwanza, akitetemeka na kukohoa pamoja na chombo chake, kwenye duka la mama wa miwani.

"Mama, naomba kile kiti cha abiria. Chenye doa la wino."

"Kimeshanunuliwa. Vyote vimeshanunuliwa. Sikukwambia?"

Kabla hajajibu, gari lilisimama nyuma yake kimya kabisa, kimya cha injini nzima. Lilikuwa dogo, la mgongo uliokatwa wima, pacha wa lile lake. Kioo kikashuka na ubaridi ukatoka. Ndani aliona zulia, redio ikiimba taratibu, na kiti cha abiria chenye doa la wino.

"Shikamoo shangazi!" aliita Magodoro.

"Marahaba mwanangu. Kiyoyozi kimekaa vizuri?"

"Kama friji, shangazi. Viti vimekubali kama vilizaliwa humo. Ah, fundi! Na wewe upo?"

Manyoya alifungua mdomo. Mdomo ule uliopakwa mafuta ulizunguka mtupu, bila kushika gia yoyote.

"Na Shemeji?" hatimaye alisema. "Alitaka kununua!"

"Shemeji alitaka soda na chakula cha mchana, ndiyo bei yake ya kupitwa. Nilimnunulia."

"Mzee, nitakwenda polisi!"

"Nenda," alisema Shangazi, akifuta miwani. "Lakini ujipange utakachosema. Kwamba vitu ulivyomwibia mtu vimemrudia mwenyewe? Na kile kidole cha mguu juu ya mizani ukieleze pia, wataandika yote."

Magodoro alitoa kichwa dirishani. Hakuwa na sauti mbaya, kusema kweli:

"Godoro nakupatia, zawadi isiyo shaka,
mwenzio nakimbilia, upepo umenitaka."

Akaondoka taratibu, madirisha yamefungwa, kwa starehe ya mtu anayebeba sebule yake nzima.

Mama mkwe alikuwa amesimama kando ya barabara, amevaa nguo yake nzuri, mkoba mikononi, binti yake pembeni. Gari lilipofika alirudi nyuma hatua moja kwa ajili ya moshi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Milango ya nyuma ina plastiki?"

"Ni ya mbio, mama."

"Na viti?"

Manyoya akalikunjua godoro. Mama alimtazama binti yake kwa macho yaliyouliza swali refu, akainama, akapita chini ya mabomba na kukaa katikati ya godoro kwa hadhi ya malkia aliyetekwa. Binti alifuata.

Walipanda mlima mdogo wa kuelekea njia panda. Katikati ya mlima injini ilipiga kikohozi kimoja kirefu, ikatikisika, ikanyamaza kabisa. Kulia kwao ndipo chumba kilipokuwa, mlango umefungwa kwa kufuli la mtu mwingine.

"Tumefika?" aliuliza mama mkwe.

"Karibu, mama."

"Basi nionyeshe gereji. Iko wapi?"

Manyoya alitazama mlango ule, kisha usukani, kisha mikono yake, ambayo kwa mara ya kwanza maishani ilikuwa na grisi.

"Umeikalia, mama."

Mama mkwe alisoma yale maandishi ya njano mlangoni, kinyumenyume kwa sababu yalipenya kwenye plastiki, akayasoma tena mpaka yakakaa sawa. Kisha akashuka. Akamshusha binti yake. Wakakamata godoro, mmoja mbele na mmoja nyuma, wakalivuta nje na kulitwika vichwani.

"Mama, hilo nalo?"

"Nakupunguzia uzito, mwanangu," alisema mama mkwe, wakashuka mlima, godoro likiyumba polepole juu ya vichwa vyao.

Gari lilibaki jepesi kuliko lilivyowahi kuwa. Manyoya, akiwatazama, akalegeza mguu kwenye breki. Breki ya mkono Manyoya alishaiuza kwa kilo tangu wiki ya kwanza, na kwa kuwa ulikuwa mteremko, na upepo ulilitaka, likaanza kurudi nyuma.