Maji ya Unhyeon Ni Safi kwa Asili

Napenda kuutangazia umma, kwa niaba ya Idara ya Unyoofu wa Maneno ya Wilaya ya Unhyeon, ambayo mimi ndiye mkurugenzi wake, kwamba uzushi wa mitandaoni katika wilaya yetu umekwisha. Kuna watu wa Seoul wameandika kwamba tumeichekesha nchi nzima. Watu wa Seoul hawana adabu, na hilo nalo tunalifanyia kazi.

Wenzetu wa mji mkuu wakitaka kupambana na uzushi wanatunga sheria, wanatoza faini, wanaburuzana mahakamani. Hiyo ni njia ya watu wenye haraka. Sisi tuna chuo cha kale cha wanazuoni pale kilimani, na wanazuoni wale walikuwa wakifundisha kwamba ulimi hupinda kwa sababu moyo umepinda, na moyo wa mdogo hupinda kwa sababu mkubwa wake hajajinyoosha. Kwa hiyo nilipokabidhiwa kazi ya kuandika Waraka wa Ulimi Mnyoofu, sikuita mwanasheria. Nilipanda chuoni, nikavua viatu, nikakaa kimya juu ya sakafu ya mbao mpaka miguu ikafa ganzi, nikateremka na vifungu.

Kifungu cha kwanza kinamtaka raia, kabla ya kutuma ujumbe wowote kwenye kikundi cha simu cha wilaya, akae kimya peke yake na ajiulize kama angethubutu kuyasema hayo mbele ya babu zake. Kifungu cha pili kinaitaka idara yangu ichunguze asili ya neno lolote linalotiliwa shaka, kisha ilipige muhuri wa kweli au wa uzushi. Cha tatu kinasema jina na kitu lazima vilingane, yaani kikiitwa daraja basi kipitike. Lakini cha nne ndicho kilichomtoa machozi Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Tak Gyu-seop, siku ya uzinduzi. Kinasema uzushi ukithibitishwa, kosa ni la mkubwa, kwa kuwa angekuwa mnyoofu asingezushiwa. Basi Mkuu wa Wilaya mwenyewe ataketi juu ya mkeka wa majani ya mpunga mbele ya ofisi yake, bila kofia wala koti, kama wafalme walivyofanya wakati wa ukame, mpaka aliyezusha ajute na kukiri hadharani.

Kamera zilipogeuka upande mwingine, alinivuta pembeni.

“Mkurugenzi Maeng, hiki cha nne kitakuja kutokea kweli?”

“Haiwezekani, mheshimiwa. Nani atathubutu kuzusha akijua wewe ndiye utakayeteseka?”

“Safi. Kiandikwe kwa herufi kubwa.”

Kikaandikwa. Wilaya ikatulia, watu wakawa wanatumiana picha za maua. Halafu siku moja mwanzoni mwa Novemba, Bi Tak Mal-sun, mwenye duka la tofu, ile jibini nyeupe ya soya, kijiji cha Araegol, kule bondeni, akatuma picha ya tofu ya kijivu, na chini yake maneno haya: “Maji ya bomba yananuka mavi ya nguruwe. Tofu yangu ndiyo hii. Msimu wa kuchachusha kabichi za kimchi umefika, nazo zimeshavunwa. Jamani, tutaziosha kwa nini?”

Hapo juu ya Araegol kuna zizi jipya la nguruwe. Ni la shemeji yake Mkuu wa Wilaya. Nalitaja kwa ajili ya ukamilifu wa taarifa tu, na sioni linahusiana vipi.

Idara ilifanya uchunguzi wa kina. Tuliketi chumba cha mikutano, mimi na maofisa wangu, tukatundika picha ya chemchemi ukutani, tukaitafakari asubuhi nzima. Bi Bok, ofisa wangu mpya, akanyoosha mkono na kuuliza kama isingekuwa rahisi kwenda Araegol kunusa.

“Bi Bok,” nikamwambia kwa upole, “pua ni kiungo cha mwili. Huwezi kuijua asili ya kitu kwa kutumia pua.”

“Nilidhani harufu…”

“Harufu ni jambo la kupita.”

Tulipofika saa ya chakula cha mchana tulikuwa na jibu. Maji kwa asili yake ni safi. Kinachoweza kuchafuka ni umbo lake tu, ambalo ni la muda. Kwa hiyo anayesema maji ni machafu anaisingizia asili ya maji. Nikapiga muhuri wa uzushi. Jioni ile Mkuu wa Wilaya akatokea kwenye runinga ya wilaya akasema maji ya Araegol ni safi, yeye mwenyewe anayanywa kila asubuhi, na kwamba anamsikitikia aliyezusha.

Alitaka kumtoza faini. Nilipinga kwa hoja ya mafundisho, na yeye akapinga hoja yangu kwa kupiga meza. Bahati nzuri wazee wa ukoo wa Tak walifika na kitabu cha ukoo, wakakifungua mezani. Bi Mal-sun ni mdogo kwa Mkuu wa Wilaya kwa miaka mingi, anaweza kuwa binti yake. Lakini kwa hesabu ya vizazi yumo kwenye kizazi cha baba yake Mkuu. Ni shangazi yake.

“Unataka kumtoza faini shangazi yako?” akauliza mzee mmoja. “Halafu siku ya kuwatambikia babu zetu utasimama wapi?”

Mkuu wa Wilaya akanigeukia. “Sasa nifanye nini?”

Nikamweleza kwamba hii ndiyo nafasi ya dhahabu ya kifungu cha nne. Ataketi mkekani, kamera zitakuja, shangazi atamwona mpwa wake anateseka kwa ajili yake, moyo utamuuma, atakiri kabla hata chai haijapoa. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Na kwa upande wangu, mimi ambaye si wa ukoo, nikalisimamisha duka la tofu. Sikulifunga. Kufunga ni adhabu. Nililipumzisha mpaka moyo wa mwenye duka utulie.

Kesho yake Mkuu wa Wilaya akaketi. Kwa kuwa baridi ilikuwa kali na kifungu hakikukataza, chini ya mkeka tulitandika blanketi la umeme. Waandishi walikuja, akina mama wa halmashauri wakalia kama ilivyopangwa. Bi Mal-sun alifika akiwa na aproni yake, akasimama mbele yake.

“Gyu-seop.”

“Naam, shangazi.”

“Umekula?”

“Nimefunga, shangazi. Nateseka kwa ajili ya ulimi wako.”

“Pole. Ila mbona unatoka jasho?”

Akainama, akainua pembe ya mkeka, akauona waya. Akaufuata kwa macho mpaka ukutani.

“Hawa wafalme wa zamani,” akaniuliza mimi, “walikuwa wanachomeka wapi?”

Nilipekua waraka, sikuona jibu. Akaenda akauchomoa waya taratibu, akaukunja vizuri, akaniwekea mkononi.

“Shangazi,” Mkuu wa Wilaya akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya kweli kidogo, “sema tu kwamba ulizusha. Neno moja. Mimi nasimama, duka lako linafunguliwa leo hii, tunayamaliza.”

“Nikisema nilizusha, harufu itaondoka?”

“Maji kwa asili yake…” nikaanza.

“Wewe Mkurugenzi, mimi tofu sitengenezi kwa asili. Natengeneza kwa maji yanayotoka bombani. Mama mkwe wangu anaharisha, hawezi kusimama. Linaharisha umbo lake tu, au ni yeye mwenyewe?”

Hapo macho yakamjaa machozi. Nilimhurumia, nasema wazi, na nikaandika kwenye taarifa kwamba mtuhumiwa ameonyesha dalili za majuto.

Alijifuta kwa aproni. “Lile duka ndilo linalonilisha mimi na yeye. Mmelipumzisha, haya. Lakini nikikiri uongo, Araegol nzima itaamini maji ni mazima, watalowesha kabichi zao humo, watoto watakula kimchi ya mavi ya nguruwe mpaka baridi iishe. Siwezi. Wewe kaa tu, mwanangu.”

Akaondoka. Mkuu wa Wilaya akakaa.

Sasa, kifungu nilikiandika vizuri mno. Hakina mlango wa kutokea isipokuwa aliyezusha akiri. Baridi ikazidi. Kamera zilizokuja kwa ajili ya machozi zikabaki kwa ajili ya magoti. Watu wa Araegol walikuwa wanapita na mikokoteni ya kabichi zisizooshwa, wanasimama, wanamwinamia kwa heshima zote.

“Bado hujanyooka tu, mheshimiwa?” waliuliza. Ni swali la kimafundisho, sikuweza kulizuia.

Mwishowe aliniita, nikachutama kando yake.

“Maeng, chunguza upya yale maji.”

“Asili haibadiliki, mheshimiwa.”

“Magoti yangu yamebadilika. Chunguza.”

Safari hii Bi Bok alileta mtungi wa maji kutoka Araegol, akaufunua mezani. Tafakuri ilikuwa fupi. Ofisa mmoja alikwenda kufungua dirisha na hakurudi kwenye kiti chake. Tulikubaliana kwamba asili ya maji bado ni safi, lakini katika mtungi huu ilikuwa imekaa mbali kidogo. Nikabatilisha muhuri wa kwanza, nikapiga wa kweli.

Kwa kuwa kifungu cha tatu kinataka jina na kitu vilingane, na bomba lile linaitwa bomba la maji, mtaro wa zizi la shemeji ukazibwa, mabomba yakasafishwa, na malori ya maji yakapelekwa Araegol wakati wa kungoja. Akina mama waliziosha kabichi zao uwanjani, mikono myekundu kwa pilipili mpaka kwenye viwiko. Duka la tofu likaamshwa. Mama mkwe akaanza kula uji, halafu akaanza kulalamika kwamba uji hauna chumvi, ndipo Bi Mal-sun akajua amepona.

Mkuu wa Wilaya aliinuliwa na watu wawili. Mtu mwingine angekwenda kulala. Yeye aliitisha mkutano na waandishi, akatangaza kwamba ukweli umepatikana kwa sababu ya subira yake. Kisha akaniita ofisini.

“Kuna kitu kimoja kimebaki,” alisema, miguu yake ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto. “Shukrani. Shangazi atume ujumbe kwenye kikundi. Watu waone ukoo wetu umepatana. Aseme mimi ni mkweli.”

Nilikwenda mwenyewe bondeni. Bi Mal-sun alikuwa anakoroga sufuria ya maziwa ya soya, mvuke umejaa duka zima.

“Anataka niandike nini hasa?”

“Kwamba Mkuu wetu hajawahi kutuambia uongo.”

“Hivyo hivyo?”

“Hivyo hivyo.”

Akaweka mwiko chini. “Basi ngoja nikae kimya kwanza. Si ndivyo kifungu cha kwanza kinavyotaka?”

Nilifurahi kuona mafundisho yamemwingia. Alikaa kwenye kigoda, akafumba macho, akatulia muda mrefu kuliko raia yeyote niliyewahi kumwona. Mara moja mabega yake yalitikisika, nikadhani ni hisia. Kisha akachukua simu akaandika: “Mkuu wetu wa Wilaya hajawahi kutuambia uongo hata siku moja.” Akatuma, akaninyooshea kipande cha tofu ya moto, nikakila nikiwa nimesimama. Kilikuwa kitamu.

Kabla sijaingia ofisini, Bi Bok akanipokea mlangoni.

“Mkurugenzi, kuna neno limetiliwa shaka.”

“Na nani?”

“Na wilaya.”

Kifungu cha pili hakiniruhusu kufumba macho. Tukaketi. Upande mmoja kulikuwa na ujumbe usemao Mkuu hajawahi kudanganya. Upande wa pili kulikuwa na Mkuu mwenyewe, runingani, akisema maji ya Araegol ni safi na anayanywa kila asubuhi. Na juu ya yote kulikuwa na muhuri wangu, wino wenyewe haujakauka vizuri, uliosema kweli yananuka. Nilijaribu kuitafakari asili ya Mkuu wa Wilaya badala ya umbo lake. Bi Bok akanikumbusha kwamba kwa njia hiyo tulishawahi kupita. Swali la nani alimshauri Bi Mal-sun kuandika halikuulizwa, nami sikulileta.

Nikapiga muhuri wa uzushi. Mkeka niliubeba mimi mwenyewe, na waya nikauacha kabatini, kwa kuwa kamera zilikuwa zimeshafika.

Mkuu wa Wilaya alitoka akiwa na soksi, akautazama mkeka.

“Nimesifiwa,” alisema. “Nimesifiwa, halafu nikae chini?”

“Sifa imethibitika kuwa uzushi, mheshimiwa. Herufi kubwa.”

“Kwa hiyo mpaka lini?”

“Mpaka aliyezusha akiri hadharani.”

Rangi ikamrudia usoni. “Basi rahisi. Mara hii shangazi hana ugomvi na mimi. Mwiteni akiri, twende nyumbani.”

Bi Mal-sun alikuja mbio, unga wa soya mpaka kwenye nywele. Watu wa Araegol walimfuata. Alimwinamia mpwa wake, ingawa hakulazimika.

“Gyu-seop, nimesikia unakaa tena kwa ajili yangu. Naona vibaya. Niko tayari kukiri sasa hivi.”

“Asante, shangazi. Kiri.”

“Mbele ya kamera hizi?”

“Hadharani,” nikasema. “Ndivyo ilivyoandikwa.”

Akakohoa kidogo, akajipangusa mikono, akazigeukia kamera. “Mimi Tak Mal-sun nakiri kwamba nilizusha. Nilisema Mkuu wetu wa Wilaya hajawahi kutuambia uongo. Ukweli ni kwamba…”

“Subiri kwanza, shangazi,” akasema Mkuu wa Wilaya, akakunja magoti yake mabovu, moja baada ya jingine, akakaa chini.