Tende za Mama Mkwe Zimepewa Daraja la Tatu

Tozeur, Jumanne

Kwako Bwana Abdelwahed, Mkurugenzi wa kiwanda chetu cha tende,

Salamu na heshima. Kwanza naomba radhi kwa kuchelewa. Barua hii nilitaka kuiandika tangu Ramadhani. Lakini kwanza tumbo lilikuwa kubwa, siifikii meza, halafu nikajifungua, na sasa mtoto ana miezi miwili na hajawahi kulala nikiwa nimeshika kalamu. Hata sasa nimempakata. Ukiona mwandiko umeruka, ni yeye.

Ninaitwa Wided, wa meza ya nne, niliye likizo ya uzazi. Mume wangu ni Naoufel, msimamizi wa wachambuaji, anayechambua pamoja nao. Nakuletea malalamiko dhidi yako, kwa adabu zote, kwa kumfanya mume wangu aipende kazi.

1. Mkurugenzi aliyekutangulia alikuwa na filimbi. Akiipuliza tunafanya kazi, akigeuka tunapumzika, na Naoufel alikuwa analala juu ya magunia kama paka wa msikitini. Saa nane yuko nyumbani, ananibebea ndoo, anambembeleza mwanetu wa kwanza, Iyed. Nilikuwa na mume. Ukaja wewe. Siku ya kwanza ukavuta kiti kwenye meza yangu, ukasema, "Dada, nifundishe." Nikakurudishia nusu ya sinia uliyochambua mbele ya watu wote, nikitumaini utakasirika. Ukasema ahsante, kesho utajaribu tena. Na kweli ukaja. Naoufel aliyaona hayo, na sijampata tena.

2. Ukaamuru kila boksi liwekewe kijikaratasi chenye jina la aliyezichambua tende zake. Sisi tulicheka. Nani atasoma? Basi bibi mmoja wa Bizerte, anayefuturu peke yake, akasoma. Akaandika kuwa mwezi mzima, kabla ya kutia tende mdomoni, alimwombea dua Naoufel. Ungeificha barua ile, Bwana. Ungeichoma. Wewe ukampa mkononi. Sasa anatembea nayo mfukoni, na mimi huitoa kila ninapofua.

3. Unajua tende ya degla, hii yetu inayopenya mwanga, huinuliwa mwangani, ukaona mpaka kokwa. Nyumbani kwangu hakuna kisichoinuliwa mwangani. Mayai, sawa. Njegere, nikavumilia. Kuskusi yangu ikapewa daraja la pili, nikakubali kwa kuwa siku ile iliungua kidogo. Lakini juzi alisimama dirishani na nepi ya mtoto, Bwana Mkurugenzi, iliyotumika, akaitazama kwa utulivu na kusema, "Hii safi, daraja la kwanza." Alikuwa anafurahi kwa dhati. Nimeolewa na mtu anayefurahi kwa dhati.

4. Ijumaa tulikuwa dukani kumnunulia Iyed kofia nyekundu ya tohara. Mvua ikadondoka matone matatu. Naoufel akaniachia watoto wawili na kofia, akakimbilia shambani kwa mzee anayekiuzia kiwanda tende, kwenda kufunika vishada kwa plastiki. Hata si shamba la kiwanda. Nilipomuuliza alisema tende zikilowa, mzee atalia, na zikija kwetu tutalia sisi. Kofia niliichagua peke yangu. Ni kubwa, inamfika Iyed puani.

5. Hili ndilo lililoniketisha niandike. Tohara ya Iyed ni Jumapili hii. Mama mkwe wangu, Mama Mabrouka, alileta kapu la tende za mitende yake mwenyewe, kwa ajili ya wageni. Naoufel akachukua moja. Nikamkanyaga mguu. Akaiinua mwangani.

Mama Mabrouka akamwambia, "Mimi nimekulisha tende za mitende hiyo hiyo mpaka ukaota ndevu, leo unanipima?"

Naye akajibu kwa upole, na upole wake ndio ulioharibu kila kitu: "Mama, kwa mapenzi ni daraja la kwanza. Kwa macho ni la tatu."

Mama akafunga mkoba wake, akapanda basi kwenda kwa dada yake Nefta. Alisema atarudi siku tende zake zitakapopanda cheo.

Sasa fikiria hali yangu. Kwetu, wakati wembe unapofanya kazi yake, nyanya wa mtoto huuvunja mtungi wa peremende uani, watoto wapige kelele za kugombania, kilio kisisikike. Mtungi uko tayari. Nyanya hayupo. Iyed ananiuliza kila asubuhi kama nyanya yake amekuja, na hajui bado kwa nini anamhitaji. Na ni Mama Mabrouka huyo huyo atakayenilelea mtoto mchanga nikirudi kazini.

Nilimwambia Naoufel akaombe msamaha, aseme alikosea, basi. Akanitazama kwa huzuni. "Wided, nikimdanganya mama leo, kesho nitamdanganya yule bibi wa Bizerte."

Kwa hiyo, Bwana Mkurugenzi, kwa kuwa mume wangu haamini neno la mtu isipokuwa lako, naomba hati yenye muhuri kuwa tende za Mama Mabrouka ni daraja la kwanza. Pia naomba umvunje moyo kidogo. Mpigie kelele mbele ya watu. Sahau jina lake. Ikiwezekana, nunua filimbi.

Nisalimie mama watoto, bawabu, na wote wa meza ya nne, isipokuwa aliyekalia kiti changu.

Mimi mfanyakazi wako mtiifu, mwenye usingizi,
Wided

N.B. Kabla sijafunga bahasha, nikaona nihakikishe. Nikachukua tende moja ya Mama Mabrouka, nikaiinua dirishani ili nimkanushe mume wangu. Ndani kulikuwa na mdudu, anatembea kama mwenye nyumba.

Na mchana huu Naoufel alikwenda Nefta. Hakuomba msamaha. Alivuta kiti karibu na mama yake, akamwekea kapu, akasema, "Mama, nifundishe ulivyokuwa unachambua na baba." Wamerudi pamoja na basi la saa tisa. Sasa hivi wako dirishani. Mama amemrudishia nusu ya sinia, anamwambia kiwanda kimemharibu macho, na Naoufel anasema ahsante.

Basi hati usilete, wala filimbi. Naomba uniletee haya kabla ya Jumapili: koti langu la kazi, lililo kwenye msumari wa tatu, kiti changu, kitolewe chini ya huyo aliyekikalia, kwa kuwa narudi kazini Jumatatu, kofia ndogo ya tohara, kama bawabu wako bado anayo ya mwanawe, na vijikaratasi hamsini vya kuweka kwenye sahani za wageni, vimeandikwa jina la Mama Mabrouka, kwa herufi kubwa, maana amesema atavisoma kimoja kimoja.